Kufunga kwa Kichwa Bila Kuwa Mrefu: Ninavyofundisha kwa Mfano wa Zamorano

Iván Zamorano, straika wa zamani wa Chile, alikuwa na kimo cha mita 1.78. Naanza na namba hiyo kwa sababu haupiti msimu hapa Malindi bila kijana kuletwa kwangu na baba yake au mjomba wake, na neno la kwanza likawa: "Kocha, mbio anazo, lakini kwa straika ni mfupi." Mimi sibishani. Nina nguzo ya mkoko uani kwangu, nimeitia alama kwa msumeno, sentimita 178 kutoka ardhini. Namsimamisha kijana pale. Wengi wa miaka kumi na sita hupungukiwa na vidole vitatu au vinne, na wapo walioipita alama. Hapo ndipo ninapowaeleza, mzazi na mwana, kwamba mtu wa kimo hicho alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Uswisi, kisha akawa mfungaji bora wa ligi ya Uhispania, akaifungia Chile mabao 34 katika mechi 69, na kilichompa jina zaidi ya vyote ni kichwa chake.

Haya ninayoandika ndiyo namna ninavyoifundisha kazi hiyo. Ni kwa kocha wa mtaani, na kwa kijana anayejifunza peke yake. Hayataki vifaa vya pesa nyingi. Yanataka kamba, mpira, kipande cha chaki, na winga mwenye subira.

Nilivyomjua

Mimi ni fundi wa makuti. Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 19, tukiezeka nyumba ya mzee mmoja Mtaliano upande wa Casuarina, mtu wa Milano, shabiki wa damu wa Inter, timu ya mji wake. Usiku wa Mei 6 alituzuia mafundi tusiende zetu. Akatoa televisheni barazani, sisi tukakaa juu ya makuti tuliyokuwa hatujayapandisha, tukatazama fainali ya Kombe la UEFA kutoka Paris, Inter na Lazio. Dakika ya tano tu Zamorano akachomoka nyuma ya mabeki, akafunga. Kwa mguu, si kwa kichwa. Mzee akalia machozi.

Nilimwuliza analia nini na mechi bado mbichi. Akanisimulia ya mwaka uliotangulia. Inter walifika fainali ile ile dhidi ya Schalke, wakati huo ikichezwa mara mbili, nyumbani na ugenini. Milano, zikiwa zimebaki dakika chache, Zamorano ndiye aliyefunga bao lililoipeleka mechi kwenye penati, na penati yake yeye mwenyewe ikadakwa. Kombe likaenda Ujerumani. Kwa hiyo bao lile la Paris lilikuwa deni la mwaka mzima. Inter walishinda 3-0, mengine yakafungwa na Zanetti na Ronaldo, lakini mzee yule alilala akilitaja lile la kwanza.

Kazi ilipokwisha alinipa kanda nne za video. Nilizitazama mpaka picha ikaanza kukatika. Nami nilikuwa straika, mita 1.69, na kocha mmoja aliyekuja kuchagua vijana alikuwa ameshanitoa mstarini kabla sijagusa mpira. Kanda zile zilinionyesha kosa langu, nalo halikuwa kimo. Krosi ikipigwa, mimi nilikuwa nikienda kusimama mahali mpira utakapoanguka, nikausubiri. Zamorano hakusubiri mpira hata mara moja. Alikuwa akifika pamoja nao, tena kwa mbio, na yule beki mrefu akiwa amesimama wima kama mnazi.

Kila ninachofundisha kimetoka hapo.

Kwanza umri, kisha mpira

Mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili simfundishi kupiga kichwa. Acheze chini, ajifunze kupokea na kukokota. Uingereza chama chao cha soka kiliondoa mazoezi ya kichwa kwa watoto wa shule za msingi mwaka 2020, na mimi naona walifanya la haki, maana ubongo wa mtoto bado unakua na shingo yake haijakaza. Hata kwa wakubwa sizidishi vichwa kumi na tano kwa siku, wala sivifanyi siku mbili mfululizo.

Anza na mpira mwepesi, hata wa plastiki ule wa kuchezea ufukweni. Usitumie mpira wa ngozi uliolala nje usiku wa mvua, hunywa maji ukawa mzito kama jiwe. Na kama vijana wawili wamegongana vichwa, mmoja akashikwa na kizunguzungu, au akakuuliza matokeo ni mangapi ilhali alikuwa ndani ya uwanja, mtoe. Siku hiyo harudi, aende akaonwe na daktari. Hili sina mjadala nalo na mzazi wala mwenye timu.

Chaki

Kijana ambaye hajafundishwa hupiga mpira kwa utosi. Hufumba macho, huinamisha kichwa, mpira unamwangukia. Ndiyo maana unamuuma, na ukimuuma mara tatu, mara ya nne atajifanya ameteleza.

Fanya hivi. Usage chaki, upake mpira wote mpaka uwe mweupe. Simama hatua tatu mbele ya kijana, umrushie kwa mikono, taratibu, na aurudishe kwa kichwa bila kuruka. Kisha mtazame usoni. Alama nyeupe inatakiwa iwe kwenye paji, chini kidogo ya nywele zinapoanzia. Ikiwa nywele ndizo nyeupe, ameinama. Ikiwa pua ndiyo nyeupe, amerudi nyuma kwa hofu. Mpe kioo ajione mwenyewe. Nina kipande cha kioo cha pikipiki, hicho kimefundisha kuliko mdomo wangu.

Mwambie mambo matatu, na uyarudie kila siku: macho wazi mpaka mpira uguse, mdomo ufungwe asije akajiuma ulimi, na shingo ikazwe kama anayebeba ndoo ya maji. Yeye ndiye aupige mpira, si mpira umpige yeye. Siku alama itakapotokea kwenye paji mara nane katika kumi, ndipo ninapomruhusu kuondoa miguu chini.

Mpira wa kamba

Hapa ufundi wangu wa makuti umenisaidia. Nyuma ya nyumba yangu pana mwarobaini wenye tawi nene linalokwenda usawa. Nimeutia mpira ndani ya kipande cha wavu mkuukuu wa samaki nilioupata kwa wavuvi, nikaufunga kwa kamba ya makumbi. Nilijaribu nailoni mwanzo. Nailoni huvutika, mpira ukipigwa unacheza juu na chini, na kijana hawezi kujua kama amekosea yeye au kamba. Ya makumbi hushika.

Kuupima urefu, mwache kijana asimame amenyoosha mkono mmoja juu. Mpira ukae usawa wa kifundo cha mkono wake, pale unapovaa saa. Kwa anayeanza, ushushe shubiri moja. Ukiona anaupiga kwa paji bila taabu, pandisha vidole viwili, usizidi. Nimewahi kumharakisha kijana, nikapandisha shubiri nzima kwa siku moja, akarudi kwenye kupiga kwa utosi, ikatuchukua mwezi kuliondoa.

Sasa mruko wenyewe. Beki anayesubiri mpira huruka kwa miguu miwili kutoka pale aliposimama. Zamorano aliruka kwa mguu mmoja, akitoka mbioni. Tofauti ni kubwa: zile mbio anazigeuza kuwa mruko. Kijana aje hatua nne au tano. Hatua ya mwisho iwe ndefu kidogo, kisigino kitue kwanza, goti lipinde kisha linyooke kwa nguvu, na goti la pili lipande mbele kama anayepanda ngazi. Mikono yote miwili ipande pamoja na mwili. Mikono ndiyo inayomwinua, vijana wengi huiacha ining'inie. Lakini viwiko visitoke pembeni, maana refa hataangalia nia, ataangalia pua ya beki.

Akiwa juu, kifua kirudi nyuma kidogo, mwili uwe upinde, halafu kiuno na shingo viurudishe mbele wakati mmoja na kuupiga mpira. Nguvu ya kichwa hutoka kiunoni. Ukitaka kumwonyesha, mkalishe chini amenyoosha miguu, umrushie mpira. Atapiga kwa shingo tu, mpira utafika hatua mbili. Kisha apige magoti, kiuno kikiwa huru, mpira ule ule utafika hatua sita. Atakuwa ameelewa bila hotuba.

Krosi: kutazama mguu wa winga

Hii ndiyo sehemu ninayoikalia muda mrefu zaidi, wiki nne au tano, na wengi huiruka wakidhani ni kipaji.

Mweke winga pembeni, karibu na kibendera, awe na mipira mitano. Straika aanzie nje ya eneo la penati. Mweke beki mmoja, mrefu uliye naye kuliko wote. Mazoezi ya kwanza hakuna kufunga. Straika kazi yake ni kukuambia kwa sauti "sasa!" pale tu winga anapoinamisha kichwa kutazama mpira wake. Winga yeyote, hata awe nani, kabla ya kupiga krosi huinamisha kichwa. Hiyo ndiyo saa ya kuondoka. Akiondoka kabla, atafika mapema na kulazimika kusimama, na akisimama amekuwa mfupi tena. Akiondoka baada ya mpira kupaa, amechelewa.

Akishalijua hilo, mfundishe mahali pa kuanzia. Asikae mbele ya beki ambako anaonekana. Akae nyuma ya bega lake, upande ambao beki akitazama mpira hamwoni, na akimtazama yeye hauoni mpira. Kisha atembee hatua mbili kama anayekwenda nguzo ya goli iliyo mbali. Beki naye atasogea. Winga akiinama, straika akate ghafla mbele ya uso wa beki kwenda nguzo ya karibu. Siku nyingine afanye kinyume chake. Ninachotaka ni beki asijue.

Namkumbuka kijana mmoja wa Maweni, mwembamba, sentimita 166 kwenye nguzo yangu. Kwa wiki tatu beki alimla kila krosi. Jumamosi ya wiki ya nne, kwenye uwanja wa Alaskan, nilimwona akitembea zile hatua mbili polepole, mikono kiunoni kama aliyechoka. Winga akainama. Kijana akatoka pale kama mshale, na beki alikuwa bado amegeukia nguzo ya mbali wakati mpira unagonga wavu. Hakuwa ameruka hata shubiri moja. Hakukuwa na mtu wa kushindana naye hewani.

Wafundishe kupiga chini. Kipa amezoea kuruka juu, mpira unaodunda hatua moja kabla ya mstari humpita chini ya mikono. Na kama hana uhakika wa pembe, aurudishe mpira upande ulikotoka, maana kipa huwa anasogea kuufuata.

Kuhusu upepo, sisi wa pwani hatuwezi kuusahau. Wakati wa kusi, krosi inayopigwa kuukabili upepo hukawia hewani na kuanguka fupi, na ile inayopigwa kuufuata upepo humpita kila mtu. Kabla ya mechi mwambie straika achukue konzi ya vumbi, aiachie, aone inakokwenda. Kisha azungumze na mawinga wake wote wawili: huyu akipiga nakwenda nguzo ya karibu, yule akipiga nasubiri ya mbali.

Wala usimsahau winga mwenyewe. Msimu wa 1994/95, ambao Zamorano alimaliza na mabao 28 na Real Madrid wakachukua ligi, Michael Laudrup alikuwa ametoka tu Barcelona na kuja upande wao, na Amavisca alikuwa akiwasumbua mabeki kutoka kushoto. Straika bila mpishi atakufa njaa. Mimi winga akipiga krosi nzuri na straika akakosa, nampongeza winga kwanza, kwa sauti, mbele ya wote.

Mchanga

Mara mbili kwa wiki, maji yakipwa, tunashuka ufukweni. Mbio tunazifanya kwenye mchanga mbichi ulio mgumu, miruko tunaifanya juu kwenye mchanga mkavu unaozama. Miruko kumi, pumziko, kumi tena, basi. Bila viatu, lakini kwanza pitieni mahali penyewe mkiondoa vipande vya chupa na makoa. Ukirudi kwenye ardhi ngumu baada ya mwezi utahisi miguu imekuwa mipya.

Kijana akiambiwa hana nafasi

Kila straika itamfika siku hiyo, na mazoezi ya mruko hayatamsaidia. Mimi humketisha nikamweleza njia aliyopita Zamorano, kwa utulivu, maana kijana aliyeachwa nje hasikii methali, anasikia habari ya mtu.

Alizaliwa Santiago mwaka 1967, akampoteza baba yake angali kijana. Timu iliyomchukua ni Cobresal, timu ya mji wa machimbo ya shaba, El Salvador, juu katika jangwa la Atacama, mita zaidi ya elfu mbili kutoka usawa wa bahari. Kutoka huko walimpeleka kwa mkopo Trasandino, daraja la pili. Alirudi akiwa mfungaji, na mwaka 1987 Cobresal wakachukua Kombe la Chile. Vijana wangu wanadhani ukiwa Malindi huonekani mpaka ufike Nairobi. Nawaambia wafikirie mtu aliyeanzia jangwani.

Mwaka uliofuata Bologna ya Italia wakamnunua, wakaamua hawamhitaji, akapelekwa St. Gallen, Uswisi. Wengine wangesusa. Yeye msimu wa 1989/90 alifunga mabao 23 akaongoza ligi nzima, Sevilla wakamchukua, na mwaka 1992 akawa Real Madrid.

Halafu ikaja 1994. Kocha mpya, Jorge Valdano, alimweka wazi kwamba hayumo katika mipango yake. Zamorano hakuondoka. Alibaki, akafanya mazoezi, akachukua namba kwa miguu na kichwa. Januari 7, 1995, Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, aliwafunga Barcelona mabao matatu kabla ya mapumziko, mechi ikaisha 5-0, matokeo yale yale ambayo Barcelona walikuwa wamewapa wao mwaka mmoja kabla. Msimu ukaisha yeye akiwa mfungaji bora wa Uhispania, na Valdano bingwa.

Kwa hiyo ninampa kijana kazi ya wiki nne: asiulize kwa nini yuko benchi, aulize kocha ni kitu gani kimoja anataka akione, akifanye hicho, kisha aulize tena. Nami kama kocha najilazimisha kumjibu. "Ongeza bidii" si jibu. "Nataka uchomoke nguzo ya karibu mara tano kila kipindi" ni jibu.

Kuna na la jezi, nalipitia upesi. Mwaka 1998 Roberto Baggio alikuja Inter akavaa 10, Ronaldo akachukua 9 iliyokuwa ya Zamorano. Yeye akachukua 18, akaweka alama ndogo ya kujumlisha katikati, 1+8. Nina vijana wawili waliogombania jezi mpaka wakaacha kusemezana. Niliwachorea hiyo mchangani, wakacheka, tukaendelea.

Na kwa anayedhani umri umempita: mwaka 2000 kwenye Olimpiki ya Sydney, ana miaka 33, alikwenda na vijana wa Chile akiwa miongoni mwa wakubwa wachache wanaoruhusiwa, akafunga mabao 6 na kuwa mfungaji bora wa mashindano. Mechi ya kuwania shaba waliifunga Marekani 2-0, yote mawili yake.

Daftari

Siku ya mechi simhesabii straika mabao. Nina daftari, na mdogo mmoja aliye benchi namkabidhi kalamu. Anaandika vitu vitatu tu: krosi ngapi zimepigwa, straika amezifuata kwa mbio ngapi, na ngapi ameziwahi kwa paji. Mechi ikiisha tunakaa chini ya mwarobaini, tunasoma. Kijana aliyefunga bao moja lakini akafuata krosi tatu kati ya kumi na moja, ndiye ninayezungumza naye kwanza.

Yule wa Maweni ukurasa wake wa wiki iliyopita unasema: krosi 9, amefuata 9, paji 4, bao hakuna. Kesho saa kumi jioni tunashuka Alaskan. Beki nimemtafutia mwingine, wa sentimita 188, na kijana mwenyewe ndiye aliyeniomba nimlete.